Kifurushi cha Kumi na Tatu

Usiku kucha theluji imeshuka, ya kwanza mwaka huu,
na usiku kucha nimesukuma chapati.
Si chapati, shangazi Felicja angenikatiza,
ni ngozi. Ngozi ya unga.
Iweke juu ya gazeti: ukiweza kusoma
tangazo la kifo cha jirani, herufi kwa herufi,
basi ndiyo imekuwa nyembamba.
Tabaka sita, siagi kila tabaka,
nyama ya kondoo, kitunguu, pilipili manga,
kisha unaviringisha, unakunja kama konokono
katika sufuria iliyovuka vita viwili
na ndoa yangu.

Saa moja asubuhi, giza totoro bado,
Bazyli wa kanisa la ng'ambo ya barabara
amekwisha kuwasha jiko la msikiti.
Hakuna aliyemwomba. Mwaka ule vijana wetu walipohama,
huyu Gdańsk, yule Dublin kuparua samaki,
alikuja na kuni begani, akavua viatu mlangoni,
na hadi leo ndiye anayewakaripia wageni
wanaosahau kuvua vyao.

Msikiti wetu ni wa mbao, kijani.
Watalii huudhani kanisa mpaka wauone mwezi juu ya paa.
Sisi wanawake tuna chumba chetu, na pazia
halijashuka mpaka sakafuni,
kwa hiyo namjua imamu kuanzia magotini kwenda chini.
Bajram hii soksi za kijivu. Moja ina tundu.

Tulikuwa kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili.
Takbiri ya watu kumi na mmoja ndani ya mbao kavu
haikuwa kubwa.
Ilitoka, lakini.

Kisha mzee Chasien akafungua kitabu cha babu yake:
herufi za Kiarabu, zinatembea kutoka kulia
kwa adabu zao zote,
na ukitega sikio, maneno ni ya hapa hapa,
ya viazi na jalidi na ng'ombe asiyetoa maziwa.
Mola, utukingie ghala na moto.
Amina, tukasema, ingawa ghala alishaliuza.

Tukapanda kilimani, makaburini, kwenye misonobari.
Huko ndiko tunakogawa sadaka:
karameli tatu, kipande cha mkate, tofaa,
kila mtu kifurushi chake,
na sheria ni moja, hakirudi nyumbani.
Nilikuwa nimefunga kumi na vitatu.
Kumi na kimoja vya safu, kimoja cha Bazyli
anayengoja langoni kofia mkononi,
na kimoja mikono ilikifunga yenyewe, kwa mazoea,
maana Felicja kila Bajram alichukua viwili,
hiki kiganjani, kile ndani ya kofia yake ya manyoya,
akidai wafu wana uchu wa sukari
na yeye ni tarishi wao.
Tulimzika Julai. Nyuki walikuwa wengi.

Kikabaki kimoja.
Selim, miaka saba, akanyoosha mkono;
mama yake akamkata jicho.
Watu wakaanza kutazama misonobari.
Kukiweka juu ya udongo wake? Imamu asingependa,
na kunguru wangependa mno.

Nikakifungua mwenyewe, pale pale, nikatia karameli kinywani,
ikanasa, nikavuta ulimi, nikavuta tena,
na jino langu la bandia likang'oka nayo.
Nikasimama mbele ya marehemu na walio hai
jino kiganjani, limevaa sukari.

Selim alicheka wa kwanza. Kisha Bazyli kule langoni.
Kisha imamu, mdomo ameubana, mabega yakimsaliti,
na mivuke ya pumzi ikapanda kwenye baridi
mmoja mmoja, kumi na miwili.

Tofaa nilimpa Selim. Mkate wakala ndege.
Zile karameli mbili sijui zilikwenda wapi.
Ila kofia yangu, tulipokuwa tukishuka,
ilikuwa nzito kidogo.